Kati ya Saba na Nane

Walipotwambia sherehe ya Desemba haipo,
fedha zake kapewa mwanamke wa kutufunza ucheshi,
sisi mafundi wa lifti wa Łódź
tulicheka papo hapo, bila mkufunzi,
kile kicheko cha upande mmoja wa mdomo.

Akaja Jumanne, Bogna Sitek,
mfupi, koti la kijani, viatu vimelowa theluji.
Mzaha hakutoa hata mmoja.
Alivuta kiti, akamkabili bosi wetu,
Walenty Kurpiel, ambaye kila mwaka
husoma ripoti kama anajisomea mashtaka,
karatasi ikimtetemeka,
nasi tukihesabu vigae vya dari.

"Soma."
Akasoma. Lifti mia nne na kumi na mbili,
kamba zilizobadilishwa, milango iliyogoma…
"Basi. Wewe mwenyewe umewahi kukwama?"

Walenty akaikunja karatasi. Akaikunja tena,
ikawa ndogo kama tiketi ya tramu.
"Ninao mzaha," akasema, "wa mfamasia na mbuzi."
"Huo wa dukani, urudishe.
Nipe ule uliokuwekea joto masikioni
mpaka leo."

Hapo ndipo aliposema.
Novemba, miaka sita nyuma, jengo la ghorofa kumi na moja.
Ametoka tu kutia sahihi cheti, lifti ni salama,
wino haujakauka,
lifti ikafa kati ya saba na nane.
Simu kaisahau garini.
Ndani ni yeye, na Bibi Halszka wa chumba thelathini na tatu,
na mtungi wa matango ya siki.

"Nilibonyeza kengele hadi kidole kikafa ganzi.
Bibi akakisoma cheti ukutani, herufi kwa herufi.
'Huyu Kurpiel,' akaniuliza, 'unamjua?'
Nikasema simjui.
'Ukimwona, mwambie hana akili.'
Nikaahidi kuufikisha ujumbe.
Saa ya kwanza tulinuniana.
Saa ya pili tulikula matango.
Saa ya tatu tuliyamaliza,
na ya nne, jamani,
tukauhitaji mtungi."

Grażyna wa stoo alilaza paji la uso mezani.
Przemek, ambaye hajawahi kunisalimu,
alinishika bega ili asianguke.
Dari ile ile, na hakuna aliyeitazama.

Mimi tu sikucheka.
Zamu ya simu ya dharura, Novemba ile, ilikuwa yangu.
Binti yangu alikuwa anaota meno,
siku ya tatu sijafumba jicho.
Miaka sita nimelifunga hilo kifuani,
nikipishana na Walenty kwenye ngazi
(ndiyo, ngazi; hapandi lifti zetu)
nikimwamkia huku nikitazama viatu vyake.

Sijui nani aliniinua. Bogna hakuniita.
"Kengele ile," nikasema, "niliisikia.
Nilikuwa usingizini. Niliota niko shuleni,
nikafurahi sana,
nikadhani ni mapumziko."

Kimya.
Kimya cha lifti, kila mtu akitafuta namba ya ghorofa.
Bogna akainama kufunga kamba ya kiatu
iliyokuwa imefungwa tayari.
Walenty alinitazama kwa muda mrefu,
shavu moja likicheza, nisijue kwa hasira au kwa nini.

"Irek," akasema, "ule ujumbe wa Bibi Halszka…"
"Ndiyo, bosi."
"Tugawane. Nusu yako, nusu yangu."

Sitawaambia jinsi chumba kilivyolipuka.
Aliyekuwepo alikuwepo.
Januari aliisoma ripoti mbele ya wakubwa wa jiji,
mikono bado inatetemeka, lakini wima,
na alipofika kwenye kengele zisizojibiwa
alitusaka kwa macho kwanza, safu ya nyuma.

Na usiku mwingine, saa tisa, zamu ikiwa yangu,
simu nyekundu hulia.
Naidaka kabla ya mlio wa pili.
Hakuna aliyekwama popote.
Ni sauti yake, imejaa usingizi:
"Mapumziko yamekwisha. Rudini darasani."